Mikato Tisa

Babu yangu alikuwa na mkato mmoja tu. Akimaliza kuchonga mzinga, aliupiga panga mara moja ubavuni, kisha akaupiga na mti mara moja kwenye gamba, basi. Kila aliyepita pale alijua mzinga ni wa nani, mti ni wa nani, na shoka lake alipeleke mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu sisi Wakamba tuliohamia nyuma ya Kilimambogo, mashariki ya Thika: mti wenye mzinga haukatwi na mtu mwingine. Hakuna karani aliyeiandika, wala hakuna aliyeona haja, maana siku hizo miti ilikuwa mingi kuliko watu wa kuigombania.

Baba yangu, Kimeu, alirithi mkato wa babu akaongeza wake, ikawa miwili. Kisha akaoa wake watatu, akazaa mabinti, ambao hawakuhesabiwa kwa mikato, na wavulana kumi na mmoja, ambao walihesabiwa. Kifungua mimba, Ndambuki, akapewa mikato mitatu. Aliyemfuata minne. Kaka yangu Muthoka alikuwa wa sita, kwa hiyo minane. Mimi, Kisilu, nilikuwa wa saba, nikapata tisa. Kitinda mimba wetu alipochonga mzinga wake wa kwanza ilibidi apige mikato kumi na mitatu, na alipomaliza mzinga ulionekana kama umeparuliwa na chui. Nyuki waliukataa miezi sita. Nadhani walikuwa bado wanahesabu.

Tulicheka sana wakati ule. Hakuna aliyejiuliza watoto wa huyo wa mikato kumi na mitatu wangepiga mikato yao wapi.

Ardhi nayo iligawanywa vivyo hivyo. Chini kulikuwa na seng'enge ya shamba la katani la mzungu, juu kulikuwa na mawe, na katikati tulikuwa sisi, tunaongezeka. Kipande changu kilikuwa kirefu na chembamba kama mkanda. Ng'ombe wangu akigeuka, kichwa kilikuwa kwangu na makalio yalikuwa kwa ndugu yangu, na kesi ya samadi ilisikilizwa mara mbili. Mwaka wa hamsini na nne mwalimu wa kanisa alikuja kuandika majina ya wajukuu wa Kimeu. Alifika sitini na wanne akaweka kalamu chini, si kwa sababu walikwisha, ila kwa sababu hawakutulia. Wangu walikuwa tisa. Mke wangu, Mbula, alikuwa na mimba ya wa kumi.

Mkanda wa shamba haulishi watoto tisa. Kwa hiyo nilichoma makaa, kama ndugu zangu wote walivyochoma. Unakata mti, unaupanga, unaufunika nyasi na udongo, unawasha, halafu unakaa siku tano ukiuchunga moshi. Ukiwa mweupe, subiri. Ukiwa wa buluu, kimbia na udongo kabla kazi yako haijageuka majivu. Miguu yangu ina makovu ya matanuri kumi na manne, na kila kovu lilinifunza kitu ambacho mtu mwenye akili angejifunza kwa kuambiwa.

Makaa niliyapeleka Ruiru kwa mkokoteni wa punda, safari ya siku mbili. Nilipita Thika, ambako mtaa wa Makongeni pekee ungeweza kunimalizia magunia yote, lakini Thika ndugu zangu walikuwa wamenitangulia. Ruiru ndiko kulikokuwa na njaa ya makaa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na watu wa msituni. Serikali ilikuwa imewatoa Wagikuyu kwenye maboma yao na kuwasongamanisha vijijini, nyumba mgongoni mwa nyumba, handaki kuzunguka, na wanawake wakiruhusiwa kutoka kutafuta kuni kwa saa chache tu, askari akiwa nyuma. Laini za mashamba ya kahawa, vile vyumba vya vibarua, nazo zilikuwa zimejaa. Kila nilipofika niliona mafiga mapya. Mimi niliona wateja. Sikuona zaidi ya hapo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Gathoni, mwenye hoteli ya chai na githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na stesheni ya reli. Mama huyo alikuwa na tabia ya kuchukua kaa moja, kuliinua mpaka kifuani, na kuliachia lianguke kwenye sakafu ya saruji. Miaka ya kwanza makaa yangu yalilia kama chuma. Kisha yakaanza kulia kama ubao.

"Kisilu," aliniambia safari moja, "haya ya siku hizi unachoma nini, magazeti?"

"Ni makaa ya kisasa, Mama. Yanawaka upesi kwa sababu wateja wako wana haraka."

"Wateja wangu wana njaa. Githeri inafika nusu, jiko limezima. Mti wa haya makaa ulikuwa na umri gani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa nimeshauua."

Akacheka, lakini kaa lililopasuka alilisukuma kwa mguu, akalitazama. "Kwenu miti mikubwa imekwisha," akasema. "Mimi sijafika huko, lakini naona kwa jiko langu."

Alikosea kidogo. Ilikuwa imebaki thelathini na mitatu.

Miti hiyo ilisimama kwenye bonde dogo juu ya kipande cha marehemu Muthoka. Migunga mikubwa, mikuyu, na mingine ambayo majina yake baba alikufa nayo. Bonde hilo babu hakumgawia mtu. Chini ya miti hiyo, kwenye jiwe lenye ufa, ndipo ilipotoka chemchemi yetu, na maji yake yalipita kwa mjane wa Muthoka kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Jina lake lilikuwa Mwongeli. Muthoka alikufa akimwachia mtoto mmoja tu, Katunge, msichana wa miaka tisa, na mikanda yetu ilipoanza kukauka, hicho kipande chake kidogo ndicho kilichobaki kijani: nduma, miwa, mboga. Wake zetu walimcheka kwa kuwa na mtoto mmoja, na wakamaliza kumcheka wakamwomba mboga.

Mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili. Udongo wa mikanda yetu ulikuwa umelegea, na upepo ukija mchana ulitutembelea ukiwa na shamba la jirani mkononi. Ndugu zangu walianza kupita bondeni jioni, mikono nyuma, wakitazama juu. Mtu anayetazama mti hivyo hatafuti ndege.

Siku moja ya Alhamisi nilipita pale mimi mwenyewe, mikono nyuma, nikasikia kitu kinakwaruza juu. Nikainua macho. Mwongeli alikuwa kwenye tawi la mgunga, leso imefungwa kiunoni, mzinga umelala mapajani.

Kwetu wanawake hawapandi mitini kutundika mizinga. Sijui nani alianzisha hilo. Nadhani ni mwanamume aliyetaka mahali pa kukaa peke yake.

"Shemeji," nikamwita, "njia ya kisimani imehamia huko?"

"Nipe hiyo kamba hapo chini."

"Mwanamke hatundiki mizinga."

"Nani amesema?"

"Nyuki."

"Hawajanilalamikia. Nipe kamba, Kisilu, ama uendelee na safari yako."

Nikamrushia kamba. Nilipotazama vizuri niliona ameshapita miti mingi. Mizinga tisa ya Muthoka aliimaliza kwanza, kisha akatundika vigogo vyenye matundu, mzinga uliopasuka, pipa lisilo na kitako. Juu ya mkuyu mmoja kulikuwa na kinu cha kutwangia. Na kila kimoja, na kila shina chini yake, lilikuwa na mikato minane, mibichi, iliyopigwa kwa panga la marehemu.

"Shemeji, kile ni kinu."

"Kina alama ya mwenyewe."

"Nyuki hawatakaa ndani ya kinu."

"Sitaki wakae. Nataka mashoka yenu yasikae." Akashuka, akasimama mbele yangu akipangusa mikono. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka kwenye chemchemi. Kwenye jiwe lenye ufa kulikuwa na mistari ya makaa, mmoja chini ya mwingine. "Huu, maji yalikuwa hapa kabla Ndambuki hajakata miti ya ule ukingo wa juu. Baada yake, yalishuka vidole viwili. Huu hapa ni baada yako wewe. Vidole vinne."

"Una vidole virefu."

"Kisilu. Hii iliyobaki ikikatwa, maji yanakufa. Mimi nina hapa tu. Baba yangu amekufa, kaka zangu wamegawana mpaka uwanja wa kuanikia. Chemchemi ikikauka mimi na Katunge hatuna pa kwenda."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia.

Nyumbani nilimkuta Mbula akikung'uta gunia la unga juu ya ungo, kama mtu anayemwamsha mlevi. Nikamsimulia habari ya kinu, nikitarajia atacheka. Hakucheka.

"Ile miti ya chemchemi usiiguse," akasema. "Hata mimi nachota pale."

"Sitaigusa."

"Na unga ndio huu."

"Nimeona."

"Watoto hawali hadithi zako, Baba Mutua."

Ndivyo alivyosema, yote mawili kwa pumzi moja, na sikuweza kumlaumu kwa lolote kati ya hayo mawili. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na minne. Kila mtoto alipozaliwa tulifurahi kweli, na kila mmoja alikuwa na jina la mtu tuliyempenda. Ukiwatazama mmojammoja hakuna hata mmoja aliyekuwa wa ziada.

Jumapili ikaja. Nikasema tumbo linauma. Mbula akanitazama kwa muda, akawachukua watoto, akaenda kanisani. Nilingoja mpaka nikasikia wimbo wa kwanza ukivuka kilima, nikachukua panga.

Nilikuwa nimeliwaza usiku na mchana, na hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi mno. Alama ya Muthoka ni mikato minane. Yangu ni tisa. Baba yetu alitupanga kama ngazi bila kufikiri kwamba ngazi hupandwa. Nikachagua mgunga mmoja tu, ule mnene wa ukingoni, nikajiambia mmoja hauwezi kuua chemchemi. Nikapiga panga mara moja kwenye shina. Kisha nikapanda, nikapiga mara moja kwenye mzinga. Muthoka akawa Kisilu. Nilishuka kabla ya mahubiri.

Jumatatu nikauangusha. Mwongeli alifika mti ukiwa tayari chini. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye shina, akahesabu mikato kwa kidole, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Tisa," akasema.

"Tisa."

"Jumamosi ilikuwa minane."

"Miti hukua, shemeji."

Nimefanya mizaha mingi maishani, na mingine imenipatia kofi. Huo haukunipatia kofi. Alisimama akapangusa magoti, akaondoka, na mpaka leo nikiukumbuka natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Nilidhani mimi peke yangu ndiye mwerevu katika watoto kumi na mmoja. Kufikia Jumatano ndugu yangu wa nane, mwenye mikato kumi, alikuwa na miti minne. Wa tisa akaja na panga lake akaongeza mmoja juu ya hiyo, wa kumi akaongeza wake, na kitinda mimba, ambaye tulikuwa tumemcheka tangu utoto, akaamka Ijumaa akiwa tajiri kutushinda sote. Alikuwa na mikato kumi na mitatu kwenye kila mti aliofikia mkono. Mingine ilikuwa na kumi na minne, kwa sababu mtu alipoteza hesabu. Hiyo haikuwa ya mtu yeyote aliyezaliwa.

Wakubwa ndio walioumia. Mdogo anaweza kuongeza mkato, lakini mkubwa ataupunguzaje? Ndambuki alijaribu kuchonga gamba kwa tezo, akauachia mti kidonda cha ukubwa wa sinia, na watoto wakamwona, naye ni mzee wa kanisa. Jumamosi asubuhi akatuma watu kutuita wote nyumbani kwake.

Tulikaa kwenye vigoda uani, ndugu kumi, na Mwongeli kwa niaba ya Muthoka, akiwa ameketi peke yake kwenye jiwe la kusagia. Ndambuki hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Ni yeye aliyetuzikia wazazi na ni yeye aliyeniazima punda. Alifungua kwa maombi, akasema jambo la alama limetutia aibu, kwa hiyo alama ziwekwe kando.

"Tulizaliwa wangapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja," tukajibu.

"Miti ilikuwa mingapi, pamoja na huo aliokata Kisilu?"

"Thelathini na mitatu."

"Basi Mungu ameshatugawia. Mitatu, mitatu. Mama Katunge atachukua ya marehemu. Hakuna wa kulalamika."

Na kweli hapakuwa na wa kulalamika. Uliona vifua vikishuka. Katika ukoo wetu hakuna kitu kilichowahi kugawanyika bila masalio, si ng'ombe, si shamba, si hata nyama ya Krismasi, na hapa thelathini na mitatu ilikaa juu ya kumi na mmoja kama kifuniko juu ya chungu. Mtu mmoja akasema amina.

"Na maji mtayagawa vipi?" Mwongeli akauliza.



"Maji ni ya Mungu, mwaitu," Ndambuki akasema kwa upole, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na miti je?"

"Miti ni yetu."

"Miti ile ilikuwa na mizinga kabla ya yote haya. Mizinga ya Muthoka. Mnajua sheria, mmeipata kwa baba yenu. Mti wenye mzinga haukatwi. Kama alama ya kwanza ilikuwa minane, miti yote ni yangu, na mimi sikati hata mmoja." Akageuka akanitazama. "Kisilu ndiye alianza. Aseme alikuta mikato mingapi."

Ndambuki akaniangalia. Wote wakaniangalia. Na nilijua, wazi kabisa kama ninavyojua makovu yangu, kwamba neno moja lingetosha. Ningesema "minane," Ndambuki angebanwa. Alikuwa mtu wa sheria. Mbele ya watu asingeweza kuikanyaga. Angekasirika, angenitoza mbuzi, lakini miti ingesimama. Pia ningekuwa mwizi mbele ya ndugu zangu tisa, na tanuri la ule mgunga lilikuwa tayari linatoa moshi wa buluu, na nyumbani gunia lilikuwa limekung'utwa mpaka mshono.

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni mzaha.

"Kaka," nikasema, "mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Nikipita saba mimi husema tu mingi."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliofunguliwa kamba. Kitinda mimba alijipiga paja. Hata Ndambuki alitabasamu, akasema, "Haya, tumemaliza." Mwongeli aliinuka kwenye lile jiwe, akachukua leso yake, akaenda. Hakunitazama tena. Afadhali angenitukana.

Ilichukua wiki sita. Bonde lile lilikuwa na matanuri mengi hata ukisimama mlangoni kwangu huoni Kilimambogo kwa moshi. Tulikata migunga kwanza, kisha mikuyu, ambayo makaa yake hayafai hata kupigia pasi. Mizinga ya Muthoka tuliishusha kwa heshima tukaipanga nje ya nyumba ya Mwongeli, na kinu juu yake. Miti yake mitatu aliiacha. Ilisimama pale mbalimbali kama watu watatu waliokuja kwenye harusi iliyoahirishwa.

Chemchemi haikufa kwa siku moja. Ilishuka mstari, ikashuka mwingine. Wanawake walianza kungojea debe lijae, kisha kungojea kibuyu kijae, kisha kuchota kwa kikombe, foleni ikifika mpaka kwenye miwa. Wake zetu waligombana pale kila asubuhi. Mwongeli hakugombana. Alisimama kwenye foleni kama wengine, kwenye shamba lake mwenyewe.

"Mvua ikinyesha itajaa," tuliambiana. Tuliliamini hilo sana. Tulikuwa na deni la misimu miwili kwa mbingu, ama mbingu ilikuwa nalo kwetu, na tulingoja Novemba kama watoto.

Novemba ilikuja na mvua. Tulitoka nje tukasimama ndani yake, watu wazima, midomo wazi. Mbula, tumbo likiwa mbele, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa muda wa saa moja hivi tulikuwa watu wenye furaha kupita wote wa upande ule wa Thika.

Kisha tukasikia mlio kutoka bondeni.

Zamani mvua ilipiga majani kwanza, ikateremka kwa shina, ikaingia kwenye majani makavu na kupotea, na baada ya siku nyingi ilitoka kwenye jiwe ikiwa baridi na safi. Sasa hapakuwa na kitu cha kuipokea. Kilima kiliirusha kama paa la mabati. Iliteremka nyekundu, nzito, ikibeba udongo, majivu ya matanuri yetu, mawe ya ukubwa wa vichwa vya mbuzi. Ilipita kwa Mwongeli bila kupunguza mwendo. Ilipotulia jioni, nduma zake zilikuwa zimening'inia kwenye seng'enge ya mzungu, na mahali palipokuwa na jiwe lenye ufa palikuwa na kokoto na mchanga, pametandazwa vizuri kama barabara. Miti miwili kati ya ile mitatu ilikuwa imelala. Ulioachwa ulikuwa umeonyesha mizizi yake yote.

Tulichimba. Hilo niseme kwa ajili yetu. Ndugu wote kumi tulikuja na majembe, na Mwongeli na Katunge, na tulichimba siku tisa. Tulilipata jiwe. Tulilipata ufa. Niliingiza mkono ndani mpaka kwenye bega, nikachota mchanga. Ulikuwa mkavu.

"Chimba tena kidogo," Ndambuki akasema.

"Kaka, nimefika."

Mwongeli aliweka jembe chini. "Nipelekeni Ruiru," akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Wanaandika watu wa kuchuma kahawa."

Nilimpeleka mimi. Ndambuki alitaka kumpa mtu mwingine punda, nikakataa, na Mwongeli hakusema ndiyo wala hapana, alipakia tu. Vitu vyake havikujaza hata nusu ya mkokoteni: sufuria mbili, jembe, magodoro ya nyasi, kuku mmoja. Mizinga aliiacha. Asubuhi ya kuondoka Mbula alitoka na mtoto mchanga mgongoni, wa siku nane, aliyeoshwa kwa maji ya mto Athi, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Walisimama wamekabiliana, wake wa ndugu wawili.

"Umemwitaje?" Mwongeli akauliza.

"Muthoka."

Mwongeli akamgusa mtoto kichwani. "Mtunzie maji," akasema.

Njia nzima hakunisemesha. Nilijaribu. Nilimwambia Katunge punda wetu ana pasi ya kusafiria bora kuliko yangu, nikamwonyesha mashamba ya mananasi, nikamsimulia habari za Gathoni na makaa yake. Mtoto alitabasamu mara moja, akamtazama mama yake, akaacha. Tulilala Thika kwenye uwanja wa soko. Siku ya pili, tulipoanza kuiona kahawa ya Ruiru, mistari kwa mistari, nikashindwa kunyamaza.

"Shemeji. Siku ile kwa Ndambuki. Nilikuwa najua ni minane."

"Najua ulijua."

"Ningesema..."

"Usiniambie mimi, Kisilu. Mimi nilikuwa na hesabu yangu sawa."

Nyapara wa laini za shamba lile alikuwa Gachanja, mtu mnene mwenye kofia ya koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Aliandika jina la Mwongeli, akaandika la Katunge, akaonyesha chumba kwa kalamu. Kilikuwa na familia tatu tayari. Mbele ya kila mlango wanawake walikuwa wakipuliza moto wa vijiti vya kahawa, na moshi wake ulifanya kila mtu atoe machozi kama msibani.

"Wewe ni Mkamba wa makaa," Gachanja akaniambia. "Nimekuona kwa Gathoni. Angalia hawa watu wangu. Nimeletewa mia mbili mwezi huu, na wengine wanakuja. Hawana cha kupikia. Kule kwenu bado yapo?"

"Kwetu yamekwisha," nikasema.

Mwongeli alikuwa anashusha sufuria. Akasema bila kugeuka, "Kwao yamekwisha. Lakini muulize, atakuwa anajua ambako hayajaisha."

Gachanja akanitazama, akingoja. Nilijua, kweli. Ng'ambo ya Athi, kupanda Yatta, nilikopita siku za kutafuta maji. Huko matawi yalikuwa bado yanagusana juu ya kichwa cha mtu. Nilikuwa nimeona mizinga huko pia, na alama za watu nisiowajua, mikato miwili, mitatu. Nikawafikiria watoto kumi nyumbani. Nikaitazama ile mistari ya milango. Nilitafuta mzaha wa kusema na kwa mara ya kwanza sikuupata.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia.

Mwongeli alikuwa ameshaingia ndani. Nilimsikia akiwasalimu wenye chumba, kisha akawauliza maji huchotwa wapi.